Makao Makuu Yamehama. Jalada Nalo Lihame

Kilima cha Tosamaganga kiko kiasi cha kilomita 15 kutoka mjini Iringa. Juu yake limesimama kanisa na majengo ya matofali ya misheni iliyoanzishwa na Wabenediktini wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19, ikaendelezwa na mapadri wa Kiitalia wa Shirika la Konsolata baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Karibu yake iko hospitali, na iko shule ya sekondari iliyosomesha vijana wa mikoa mingi. Asubuhi ni baridi, nasi watu wa Visiwani tunaofika huko na vikoi na mashati mepesi huwa ni kichekesho kwa wenyeji mpaka tutakapoazimwa koti.

Si mbali na kilima hicho, bondeni kando ya mto Ruaha Mdogo, ndipo ilipo Kalenga. Leo Kalenga ni kijiji chenye makumbusho madogo ambamo limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Lakini hadi tarehe 30 Oktoba 1894, siku ambayo Wajerumani waliiteka ngome yake, Kalenga ilikuwa ndiyo makao makuu ya Uhehe. Washindi hawakukaa pale. Walikwenda kujenga boma lao juu ya mlima, mahali ulipo mji wa Iringa wa leo, wakahamishia huko kodi, hukumu na gereza. Hata jina la Iringa latokana na neno la Kihehe, lilinga, maana yake ngome. Basi watu wa bonde hili wamejua kwa muda uzidio miaka mia moja maana ya makao makuu kuhama: leo mtu huenda kulia, kesho huambiwa mwenye amri hayuko tena huko, yuko kushoto, na atakayechelewa kuijua njia mpya ndiye atakayeumia.

Mwandishi wa safu hii alifika Tosamaganga kumzuru mwalimu mstaafu ambaye ni rafiki wa ami yangu wa Wete, Pemba. Namna wazee hawa wawili walivyojuana, Mhehe wa milimani na Mpemba wa karafuu, ndiyo habari iliyonifanya niandike makala haya. Walikutana Dodoma mwaka 2018, katika chumba cha kungojea cha ofisi moja ya Serikali ambayo sina haja ya kuitaja.

Kabla sijaisimulia, yafaa tukumbushane Dodoma ilikuwaje makao makuu, kwani vijana wengi wa Visiwani hudhani jambo hili lilizaliwa juzi.

Sisi Visiwani hatupaswi kulishangaa jambo la mji mkuu kuhama. Unguja yenyewe ilipata ukubwa wake pale Seyyid Said alipohamisha kiti chake kutoka Maskati katika karne ya 19. Na Dar es Salaam, mji ambao Dodoma imeupokonya heshima yake, asili yake ni mtoto wa Visiwani. Ni mwanawe Said, Sultani Majid, aliyeanza kuujenga katika miaka ya 1860 penye kijiji cha Mzizima, akikusudia kuwa na makao yake Mrima. Majid alipofariki mwaka 1870, nduguye Barghash hakuitilia maanani kazi ile, na majengo yaliyokuwa yameanzwa yakaachwa bila ya mwenyewe. Mji ukalala hadi Wajerumani walipouchagua, wakahamishia hapo makao yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Hapo pana somo la kwanza: mji mkuu unaosimama juu ya utashi wa mtu mmoja huanguka siku anapozikwa mtu huyo.

Dodoma nayo ilinusurika kidogo tu kupatwa na yaliyompata Majid. Ilikuwa Oktoba 1973 ambapo TANU, baada ya kuyauliza matawi yake nchi nzima, iliamua kwamba makao makuu yahamie Dodoma katika muda wa miaka kumi. Sababu zilizotolewa zilikuwa za maana. Dar es Salaam ilikuwa pembeni mwa nchi. Dodoma ilikuwa katikati, penye makutano ya reli iliyofika hapo tangu enzi ya Wajerumani na barabara kuu itokayo Kaskazini kuelekea Iringa na Mbeya. Dar es Salaam ilikuwa bandari iliyojengwa na wageni kwa ajili ya kutolea mali nje. Dodoma ilikuwa nchi ya wakulima na wafugaji maskini, na mtumishi atakayeishi katikati yao hangeweza kuwasahau. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa amekwisha kwenda kijiji cha Chamwino wakati wa Operesheni Dodoma, kufanya kazi pamoja na wanakijiji. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyojulikana kwa herufi zake CDA, na mwaka 1976 ukatoka mpango wa mji uliochorwa na wataalamu kutoka Canada.

Kisha yakaja ya kuja. Bei ya mafuta ilipanda, ukame ukaipiga nchi katikati ya miaka ya 1970, vita ya Uganda ikala kilichobaki mwaka 1978 na 1979. Miaka kumi ikapita, ikapita na mingine, na Dodoma ikabaki makao makuu ya maandishi. Chama kilikuwa hapo, na tangu katikati ya miaka ya 1990 Bunge lilikuwa hapo pia. Lakini mawaziri walikuja na mikoba yao kama wageni wa harusi, wakakaa siku za kikao, wakarudi Pwani. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na wanafunzi wakawa wengi kuliko watumishi wa wizara.

Mambo yalibadilika Julai 2016, pale Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali itahamia Dodoma kabla ya kipindi chake kumalizika. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alihamia Septemba ya mwaka huo huo. Makamu wa Rais wa wakati ule, Ndugu Samia Suluhu Hassan, mwana wa Makunduchi, alihamia Desemba 2017. Tarehe 26 Aprili 2018, siku ya Muungano, Dodoma ilitangazwa kuwa Jiji, na mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kuitangaza kuwa makao makuu ya nchi. Rais mwenyewe alihamia Oktoba 2019. Magufuli alifariki Machi 2021, na kwa kuwa jambo lilikuwa limekwisha kufungwa kwa sheria, halikuzikwa naye kama la Majid. Rais Samia aliliendeleza, na Mei 2023 akaizindua Ikulu ya Chamwino.

Hiyo ndiyo historia kwa ufupi. Sasa turudi kwa wazee wetu wawili.

Mwalimu alikuwa ametumikia taifa kwa zaidi ya miaka thelathini. Alipostaafu, sehemu ya kiinua mgongo chake haikulipwa kwa sababu miaka fulani ya utumishi wake haikuonekana katika hesabu. Aliandika barua, na barua zikajibiwa na ukimya. Mwaka 2018 aliposikia kwamba wizara zimehamia Dodoma, alifurahi. Dar es Salaam kutoka Iringa ni karibu kilomita 500. Dodoma ni kiasi cha kilomita 260, na barabara ya Mtera, ambayo zamani ilivunja magari na migongo, sasa ilikuwa na lami. "Nilimwambia mama," alinieleza akimaanisha mkewe, "Serikali imetusogelea mpaka mlangoni." Akafungasha vyeti vyake, akaondoka alfajiri na mahindi ya kuchemsha ndani ya mkoba.

Ami yangu naye alikuwa na shauri la mirathi. Mwanawe alikuwa mtumishi wa Muungano, akafariki kazini akiacha mke na watoto watatu. Haki za marehemu zilikuwa zikifuatiliwa. Ami alipanda meli kutoka Pemba hadi Unguja, akalala, akavuka hadi Dar es Salaam, akafikia kwa jamaa zetu Magomeni. Alikwenda katika ofisi aliyoizoea, akamkuta mlinzi peke yake. "Mzee wangu, wamehama hawa," aliambiwa. "Wote wako Dodoma." Akapanda basi la Dodoma, mji ambao hakuwa na ndugu ndani yake wala hakujua kiambo kimoja.

Wakakaa benchi moja. Mwalimu aliitwa kwanza. Binti wa mapokezi alikuwa na adabu, na wazee wote wawili walilisema hilo bila ya kuulizwa. Alitafuta, akapiga simu, akarudi amejaa haya. "Shikamoo tena, mzee wangu," akasema. "Jalada lako halijafika. Bado liko masjala ya Dar es Salaam. Wakubwa wamehamia huku, lakini majalada mengine bado hayajaletwa."

Ami alipoitwa yeye, jibu lilikuwa ni hilo hilo. Jalada la mwanawe lilikuwa Dar es Salaam, katika jengo lile lile ambalo siku mbili nyuma alisimama mlangoni mwake akiambiwa kwamba wote wamehama.

Mwalimu alisema kwamba yule mzee wa Kipemba hakupaza sauti. Alikaa, akavua kofia yake, akaiweka juu ya goti, akacheka kidogo. Kisha akamwambia: "Mwalimu, mimi na jalada la mwanangu tumepishana njiani." Mwalimu akatoa mahindi yake, wakala. Ami akakata kipande cha halua ya Wete aliyokuwa akiwapelekea wenyeji wa Dar es Salaam, ikabaki mkobani. Hivyo ndivyo udugu wa wazee wale ulivyoanza. Mwalimu alilipwa katika safari yake ya tatu. Shauri la ami lilimalizika mwaka uliofuata, na nauli alizotumia zilikuwa zimekwisha kula sehemu isiyo ndogo ya kile alichokipigania.

Msomaji ataniambia kwamba huo ulikuwa ni wakati wa mpito, na kwamba kuhamisha Serikali si kama kuhamisha kitanda. Ni kweli, wala sikatai. Tangu wakati ule mengi yametengenezwa. Mji wa Serikali umejengwa Mtumba, mashariki ya Dodoma, wizara zikawekwa jirani jirani ili mwananchi asizungushwe mji mzima. Kumbukumbu nyingi za utumishi zimeingizwa katika mitambo ya kompyuta, na jambo lililohitaji safari laweza kuanza kwa simu ya mkononi. Tangu 2024 treni ya umeme yampeleka msafiri kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa muda wa saa nne hivi. Na mtu aliyeondoka Unguja kwa boti ya asubuhi aweza kulala Dodoma usiku huo. Haya ni maendeleo, na anayeyakana hana haki.

Lakini kisa cha benchi kimebeba jambo ambalo halikuisha na mpito. Ahadi ya mwaka 1973 haikuwa ahadi ya majumba. Wazee wetu hawakuambiwa kwamba Serikali itapata ofisi mpya. Waliambiwa kwamba Serikali itamkaribia mkulima. Wahenga wamesema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kipimo cha makao makuu ni siku ngapi mtu wa Tosamaganga au wa Micheweni anazitumia tangu kuondoka kwake nyumbani hadi kupata jibu, na kama jibu hilo ni la mwisho au ni la kumrudisha alikotoka. Kwa kipimo hiki, kuhama kwa Waziri si habari kubwa. Kuhama kwa jalada ndiyo habari.

Kwetu sisi wa Visiwani jambo hili lina uzito wa ziada, na ni bora lisemwe waziwazi kuliko kunong'onwa barazani.

Jina la Dodoma katika masikio ya Mzanzibari si jina la ofisi tu. Ni huko ambako mwishoni mwa Januari 1984, katika kikao cha Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM, Alhaji Aboud Jumbe alijiuzulu nyadhifa zake zote baada ya mjadala mkali juu ya Muungano, akarudi nyumbani akiwa raia wa kawaida. Ni huko ambako mwaka 2000 Halmashauri Kuu ilimteua Amani Abeid Karume kuwa mgombea wa Chama kwa urais wa Zanzibar, na ni huko ambako Julai 2020 alipoteuliwa Hussein Ali Mwinyi. Na ni Dodoma ambako mwaka 2014 Bunge Maalumu la Katiba lilikaa kuijadili rasimu iliyopendekeza muundo wa serikali tatu; likagawanyika, wajumbe wa upinzani wakatoka nje mwezi wa Aprili, na waliobaki wakapitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba, ambayo mpaka leo haijafikishwa kwenye kura ya maoni. Kila mmoja wetu ana rai yake kuhusu mambo hayo, na safu hii haikusudii kuyahukumu leo. Nayataja ili ndugu zetu watumishi wa Dodoma wafahamu kwamba mzee wa Kipemba anapokaa katika benchi lao, haleti shauri lake peke yake. Analeta na kumbukumbu. Akihudumiwa vema, kumbukumbu hiyo hulainika. Akizungushwa, huwa amepata shahidi mwingine wa kwamba mambo yake huamuliwa mbali, na watu wasiomjua.

Dar es Salaam ilikuwa mbali kwa bahari, lakini karibu kwa damu. Kila nyumba ya Unguja na Pemba ina jamaa Kariakoo, Magomeni au Ilala. Mtu alipokwama ofisini alikuwa na pa kulala, na wa kumwelekeza kwa karani ajuaye njia. Dodoma hatukuwa na nyumba hizo. Ni nchi kavu, yenye upepo wa vumbi na mibuyu, na Wagogo ambao salamu zao ni ndefu na zenye heshima, lakini si zetu. Lipo jambo jema hapa, nalo ni kwamba mji unajifunza kuwa wa wote. Msikiti mkubwa wa Gaddafi, uliofunguliwa mwaka 2010, hujaa siku ya Ijumaa watu wa kila upande, na mtumishi wa Kizanzibari aliyehamia huko leo aweza kupata wali wa nazi bila ya kutembea mwendo mrefu. Watoto wa Muungano wanasoma darasa moja na watoto wa Kigogo. Kizazi kijacho cha Visiwani kitakuwa na jamaa Dodoma, kama sisi tulivyokuwa na jamaa Magomeni. Udugu wa aina hiyo hauletwi na sheria. Huletwa na kukaa pamoja.

Hata hivyo, mji mkuu mchanga una maumivu yake, na si vyema kuyafunika kwa mapambio. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Manispaa ya Dodoma na watu 410,956. Ile ya 2022 ililikuta Jiji na watu 765,179. Kuongezeka kwa namna hiyo katika miaka kumi kumepandisha kodi za nyumba na bei za viwanja. Mtumishi wa kima cha chini aliyehama na mshahara ule ule ameujua mzigo huo, na wako waliolazimika kuacha mke au mume na watoto Pwani, wakawa na majiko mawili kwa mshahara mmoja. Ofisa ambaye moyo wake uko kwenye basi la Ijumaa jioni hawezi kumsikiliza mzee wa Ijumaa mchana. Kwa hiyo makazi ya watumishi wa chini si jambo la starehe yao peke yao. Ni sehemu ya huduma ya mwananchi.

Na yuko mwenyeji, Mgogo, aliyelima uwele na mtama katika ardhi hiyo kabla haijachorwa katika ramani yoyote. Malalamiko ya viwanja, fidia na mipaka kati ya wananchi na CDA yalidumu kwa miaka mingi, na yakawa miongoni mwa sababu za Mamlaka hiyo kuvunjwa Mei 2017 na kazi zake kukabidhiwa Manispaa. Wenye kujenga mji mkuu kwa jina la mkulima wasije wakamsukuma mkulima huyo mpaka nje ya mji. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa. Mwenyeji akiugua kwa kuja kwa mgeni, hapo pana kasoro ambayo jengo refu haliwezi kuificha.

Hatuko peke yetu katika safari hii. Malawi ilihamisha makao yake kutoka Zomba kwenda Lilongwe mwaka 1975. Nigeria iliamua kwenda Abuja mwaka 1976 ikahamia rasmi mwaka 1991. Brazil ilifungua Brasília mwaka 1960, na kandokando ya mji ule mpya wenye sifa wakabaki wajenzi wake, maskini, katika vitongoji vya mbali. Kote huko nyumba za Serikali zilikamilika kabla ya Serikali kuwafikia watu. Sisi tulichelewa, na katika kuchelewa kwetu tulipata bahati ya kuyaona makosa ya wengine. Itakuwa aibu kuyarudia.

Basi ni lipi tunaloliomba kwa ndugu zetu wenye dhamana? Si fedha nyingi, bali utaratibu.

Kwanza, ofisi yoyote isimwite mwananchi Dodoma kabla ya kuhakikisha kwamba kumbukumbu zake ziko Dodoma, na kwamba mwenye mamlaka ya kuamua yuko kazini. Barua ya mwito ikitaja siku, itaje na jina la cheo kitakachomaliza shauri. Mzee asisafiri siku tatu kuja kuambiwa kwamba mwenye kutia saini yuko safarini.

Pili, ofisi za Muungano zilizoko Unguja na Pemba, na ofisi za mikoa kama Iringa, zipewe uwezo wa kumaliza mashauri, si kupokea karatasi na kuzipeleka mbele tu. Makao makuu yenye afya ni yale ambayo watu wengi hawana haja ya kwenda. Mwalimu wa Tosamaganga angelipwa Iringa mjini, na ami yangu angelipwa Wete, wasingejuana. Lakini wangekuwa wamekosa urafiki mmoja na kuokoa safari nyingi.

Tatu, mitambo ya kompyuta isigeuzwe mlango mpya wa kufungia watu nje. Wako wastaafu na wajane wasio na simu za kisasa, na wako wenye simu lakini vijiji vyao havina mtandao wa kutegemewa. Mtu wa namna hiyo akifika na karatasi yake mkononi, asiambiwe arudi akaombe kwa mtandao. Yuko karani aliyelipwa kuijua mitambo hiyo, amjazie.

Nne, kila ofisi imteue mtu wa kuwapokea wale watokao mbali, na kuwatanguliza. Aliyevuka bahari na aliyevuka Mtera hawawezi kuambiwa "njoo kesho" kama anavyoambiwa jirani wa mtaa wa pili. Kesho ya mgeni ina kodi ya nyumba ya wageni ndani yake.

Na kwetu sisi wananchi pia upo wajibu. Tusiende ofisini na nusu ya vyeti, kisha tukalaumu. Tusitafute njia ya mkato kwa kumjua fulani, kwani kila tunayempita kwa mkato ni mjane wa mtu mwingine. Na wabunge wetu, wakiwamo wale wa majimbo 50 ya Visiwani na watano wanaotoka Baraza la Wawakilishi, wakumbuke kwamba wao ndio wenyeji wetu Dodoma. Mbunge anayejua idadi ya mashauri ya watu wa jimbo lake yaliyolala katika wizara anafanya kazi kubwa kuliko yule ajuaye kusema tu.

Siku yangu ya mwisho Tosamaganga, mwalimu alinipeleka kuutazama mto. Ruaha Mdogo hupita chini ya Iringa na Kalenga, ukaingia Ruaha Mkuu, na maji yake yakafika bwawa la Mtera, penye mpaka wa Iringa na Dodoma. Hapo huzungusha mitambo ya umeme, kisha hushuka yakazungusha na ile ya Kidatu. Mwalimu alisimama, akaniambia kwa upole wa watu wa huko: "Unaona, mwanangu, sisi tunawapelekea maji kila siku, usiku na mchana, bila ya kuandikiwa barua."

Sikumjibu, kwani hakuwa akiniuliza mimi. Alikuwa na simu mkononi. Alimpigia ami yangu, wakasalimiana, akamwuliza kama karafuu zimekauka, akaulizwa kama mahindi yamepandwa. Ami alimwambia kwamba mjane wa mwanawe ana shauri jingine dogo la kufuatilia, la vyeti vya watoto, na kwamba huenda safari ya Dodoma ikawako.

"Safari hii," akasema mwalimu, "uliza kwanza jalada liko wapi."

Ombi letu kwa wenye dhamana ni hili: aulizapo, ajibiwe, na ajibiwapo, lisiwe jibu la kumpandisha basi.